Cicely Williams, daktari aliyewauliza akina mama

Kila nipitapo katika soko la Nyakoe, kando ya barabara itokayo mjini Kisii kuelekea Kisumu, hunijia wazo moja ambalo leo ningependa kuwashirikisha walimu wenzangu na wanafunzi. Hapo mtu huona mikungu ya ndizi, mafungu ya chinsaga na managu, maparachichi, maharagwe na wimbi. Mgeni atapata taabu kuamini kwamba katika nchi yenye rutuba kama hii mtoto aweza kushiba na bado akadhoofika kwa kukosa lishe. Lakini aweza. Tumbo lililojaa halithibitishi kwamba mwili umelishwa.

Miaka michache iliyopita niliketi nyuma ya darasa la watoto wadogo katika shule moja ya sehemu hizo. Ubaoni paliandikwa makundi ya vyakula, nao watoto wakayakariri kwa sauti moja: wanga, protini, vitamini. Kisha wakataja magonjwa ya utapiamlo, na neno kwashiorkor likatamkwa kana kwamba lilizaliwa Uingereza. Baada ya somo nilimwuliza msichana mmoja kwa Ekegusii ni chakula gani alichompa mdogo wake mchana wa jana yake. Alinieleza bila kusita: uji wa mahindi asubuhi, na mchana kiporo cha ugali kilicholowekwa katika chai ya rangi. Nilipomwuliza vyakula hivyo vimo katika kundi lipi ubaoni, alinyamaza. Sikumwona kuwa mjinga, wala simlaumu mwalimu wake. Ila nilitambua kwamba kati ya ubao ule na sufuria ya kwao hapakuwa na daraja.

Neno lile alilolikariri si la Kiingereza hata kidogo. Ni neno la Kiafrika, na liliingia katika vitabu vya utabibu vya dunia kwa kuwa daktari mmoja alikubali kuwauliza wenyeji. Maisha ya daktari huyo yanastahili kufahamika na kila mwalimu anayefundisha habari za mwili na chakula.

Cicely Delphine Williams alizaliwa nchini Jamaica tarehe 2 Desemba 1893, katika jamaa ya Waingereza wenye mashamba. Babaye alikuwa mkurugenzi wa elimu kisiwani humo. Binti huyo alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, pale upungufu wa wanaume ulipowafungulia wanawake milango iliyokuwa imefungwa kwa muda mrefu. Alifuzu mwaka 1923. Vita vilikuwa vimekwisha, wanaume wamerejea, na milango ile ikaanza kufungwa tena. Baada ya kutafuta kazi kwa shida aliajiriwa katika idara ya utabibu ya makoloni, na mwaka 1929 akapelekwa Gold Coast, nchi ambayo leo twaiita Ghana. Cheo chake kilikuwa cha afisa tabibu mwanamke, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa wanaume waliofanya kazi iyo hiyo.

Huko Accra aliletewa watoto wengi wa umri wa mwaka mmoja hadi minne wenye dalili zilizofanana. Miguu na mikono yao ilivimba. Ngozi iliingia mabaka meusi kisha ikabambuka. Nywele zilipoteza weusi wake zikawa hafifu na zenye rangi ya kutu. Watoto hao walikuwa wanyonge, wenye kununa, wasiotaka kucheza wala kula. Kwa sababu ya ule uvimbe, mtu asiyejua angeweza kudhani wamenenepa. Wengi wao walikufa.

Madaktari wa wakati ule walikuwa na majibu yao tayari. Baadhi walisema ni pelagra, ugonjwa uliokwisha kujulikana miongoni mwa watu wazima wanaokula mahindi. Williams hakuridhika. Alichunguza maiti za watoto, alilinganisha dalili, na zaidi ya yote alifanya jambo ambalo halikuhitaji darubini: aliwauliza wanawake wa Accra wao huuitaje ugonjwa huo. Wakamtajia jina la lugha yao ya Ga: kwashiorkor. Maana yake, kwa jinsi alivyoelezwa, ni ugonjwa ampatao mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake anapozaliwa.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, wala si tabibu, na hapa ndipo ninapostaajabu. Tazama jinsi neno hilo moja lilivyobeba habari. Latuambia ni nani augua: mtoto mwenye kufuatwa. Latuambia ni wakati gani: mamaye anapojifungua tena. Latuelekeza hata kwenye chanzo, kwa maana mtoto aondolewapo mgongoni na kifuani huachishwa ziwa, akapewa uji mwepesi wa mahindi ambao hauna vyote alivyokuwa akivipata katika maziwa ya mama. Wanawake hao hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wamechungua vizazi kwa vizazi, na matokeo ya uchunguzi wao waliyahifadhi katika msamiati. Wahenga wa Kiswahili walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Williams aliuliza, akajifunza.

Mwaka 1933 alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu maradhi hayo, akiyahusisha na chakula cha mahindi. Wakubwa wa taaluma walimpinga na kushikilia kwamba ni pelagra tu. Mwaka 1935 akaandika tena, safari hii katika jarida la Lancet la London, na hapo ndipo alipolitumia lile jina la Kiga la wenyeji wa Accra kama jina rasmi la ugonjwa. Hakujidai kuwa amemaliza utafiti. Alisema kwa tahadhari kwamba yaelekea pana upungufu fulani katika chakula hicho, na kwamba upungufu wa protini, au wa sehemu fulani za protini, haukuweza kuondolewa katika hesabu. Watoto waliowahi kupewa maziwa ya mkebe pamoja na mafuta ya ini la samaki aliwaona wakipona.

Mjadala huo ulifika kwetu Afrika Mashariki. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya kuanzia mwaka 1929 kisha Mulago, Uganda, kuanzia 1935, alikuwa akihangaika na watoto wa namna hiyo hiyo. Mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo yalichapisha ripoti iliyoonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyoenea barani Afrika, na mwaka 1954 Trowell na wenzake wakatoa kitabu kizima juu yake. Vyote viwili vilibeba katika anwani zao neno la wanawake wa Accra. Ilichukua takriban miaka ishirini kwa wakubwa kukubali yale ambayo akina mama walikuwa wamekwisha kuyapa jina.

Williams mwenyewe hakukaa Accra kuyaona hayo. Mwaka 1936, baada ya kukwaruzana na mkubwa wake wa kazi, alihamishiwa Malaya. Huko alikuta balaa ya namna nyingine. Makampuni ya maziwa ya mkebe yaliwatuma wanawake waliovaa kama wauguzi wakawashawishi akina mama wenye maziwa yao wenyewe kuyaacha na kununua ya dukani. Maziwa hayo yalichanganywa na maji machafu, au yakapunguzwa kwa sababu ya ufukara, na watoto wachanga wakafa. Mwaka 1939 alisimama mbele ya wanachama wa klabu ya Rotary mjini Singapore akatoa hotuba aliyoipa jina la maziwa na mauaji. Alidai kwamba kuwapotosha akina mama kwa makusudi juu ya chakula cha mtoto mchanga ni sawa na kuua.

Huenda mwanafunzi akauliza: je, si huyu aliyewaponya watoto wa Accra kwa maziwa ya mkebe? Ndiye. Na humo mna somo kubwa la lishe. Chakula hakiwi kizuri wala kibaya kwa jina lake. Yategemea ni nani apewaye, ana umri gani, anakipata mahali pa kitu gani, na kimetayarishwa vipi. Orodha ya ubaoni haiwezi kumfundisha mtoto jambo hilo.

Wajapani walipoivamia Malaya, Williams alitekwa na kufungwa katika gereza la Changi, Singapore, hadi vita vilipokwisha mwaka 1945. Alikuwa mmoja wa viongozi wa wafungwa wanawake, na kwa miezi kadhaa alishikiliwa na polisi wa kijeshi wa Kijapani na kuhojiwa. Njaa ya gerezani ilimwachia beriberi, ugonjwa wa utapiamlo, na madhara yake aliendelea kuyahisi miguuni. Baadaye alisimulia kwamba watoto ishirini walizaliwa kambini humo, wote ishirini walinyonyeshwa na mama zao, na wote waliishi.

Mwaka 1948 aliteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa sehemu ya afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani. Baadaye alifundisha katika chuo kikuu mjini Beirut na kuzunguka nchi nyingi akitoa mafunzo. Aliishi akaona mwaka 1981 shirika hilo likipitisha kanuni za kudhibiti biashara ya maziwa ya watoto wachanga. Alifariki Oxford mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 98. Miaka ishirini baada ya kifo chake, mwaka 2012, Kenya nayo ilitunga sheria yake ya kudhibiti biashara hiyo.

Haifai kumfanya mtakatifu. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na ugonjwa aliousifiwa kuugundua ulikuwa umegunduliwa na wenyewe. Tena, sayansi imesonga mbele. Upungufu wa protini pekee hautoshi kueleza yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto pacha wa Malawi, waliolishwa pamoja nyumba moja, ulionyesha kwamba mmoja aweza kuugua na mwenzake asiugue, na kwamba vijidudu vya utumboni vina sehemu yake. Lakini hayo hayaondoi funzo la msingi, yaani kumsikiliza yule anayemlisha mtoto, kwa lugha anayomlishia.

Mulago walilielewa hilo. Mwaka 1965 palianzishwa kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, jina lililotokana na Kiganda, lenye maana ya mtoto mwenye siha. Humo mama alijifunza kwa kupika vyakula vipatikanavyo kwao, akarudi nyumbani na ujuzi ambao angeweza kuutumia siku ya pili yake.

Sasa narudi Nyakoe. Katika jamii ya Abagusii, mtoto aliyeachishwa ziwa aghalabu huwekwa mikononi mwa omoreri, mlezi ambaye mara nyingi ni dada yake wa umri wa kwenda shule. Mama yuko shambani au kwenye majani ya chai. Anayeamua mdogo huyo ale nini saa saba mchana ni msichana wa miaka minane au tisa. Kwa hiyo mwalimu anapofundisha lishe darasani humfundisha mlezi aliye kazini. Wataalamu walioanzisha mradi wa mtoto kwa mtoto kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, 1979, walilijengea hoja yao juu ya ukweli huo huo.

Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchini kote mwaka 2019, shughuli za usafi na lishe zilikuwa somo la madarasa ya chini. Baadaye zikaunganishwa na shughuli za mazingira. Sitabishana hapa kuhusu idadi ya masomo. Ninachosisitiza ni kwamba sera yetu yaruhusu madarasa hayo kufundishwa kwa lugha ya mazingira ya mtoto, na hakuna somo linaloihitaji ruhusa hiyo kuliko hili. Mtoto aanze na omobere, omotwe na enda, viungo anavyoweza kuvigusa na kuvitaja. Kisha apande hadi Kiswahili, ajue ini, figo, mapafu na kongosho. Ajue kwamba ugonjwa ule una majina katika Kiswahili pia, unyafuzi na kwashakoo, na kwamba la pili ni neno la Accra lililovaa kanzu ya Kiswahili.

Tena walimu wa Nyakoe wana bahati ambayo wengi hawana: soko li mlangoni. Darasa na lihamie huko asubuhi moja. Kila mtoto ataje kwa lugha yake vitu avionavyo, aulize wauzaji hupikwaje, kisha warudi na kuvipanga wenyewe katika makundi yale ya ubaoni. Maharagwe yaliyopondwa, yai, chinsaga kidogo iliyotiwa maziwa, uji wa wimbi uliochanganywa na karanga: hivyo vyote omoreri aweza kumpa mdogo wake.

Yule msichana alikuwa na jibu nililohitaji, ila alikuwa hajaulizwa kwa lugha yake. Mdogo wake alikuwa nyumbani, amekwisha kuondoka mgongoni mwa mama, akimngoja arudi na ampe chakula cha mchana.