Aniceti Kitereza: Mseminari wa Rubya na Kitabu Kilichosubiri Miaka 35

Ukitaja Seminari ya Rubya, wengi wetu tunamkumbuka mara moja Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa, aliyesoma pale. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya Rugambwa hata kuzaliwa, Rubya ilikuwa imempokea kijana mmoja kutoka Ukerewe, ng'ambo ya ziwa. Kijana huyo hakufikia daraja takatifu la upadre. Alirudi kwao, akaoa, akafanya kazi za kawaida, akafa akiwa mzee maskini. Lakini aliacha riwaya ambayo leo inasomwa katika lugha kadhaa za dunia, na ambayo kila kizazi kinaisoma kwa jicho lake. Jina lake ni Aniceti Kitereza.

Utoto wake Ukerewe

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Baba yake, Malindima, alikuwa wa ukoo wa Wasilanga, ukoo uliotoa watawala wa Ukerewe.  Baba alifariki Aniceti akiwa bado mdogo sana, akabaki kulelewa na mama yake kisiwani. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walikuwa wamekwisha fungua misheni huko Kagunguli. Ndiko Aniceti alikojifunza kusoma na kuandika, na ndiko alikobatizwa.

Mapadre waliona kwamba kijana ana akili nyepesi na bidii. Mwaka 1909 wakampeleka Rubya, Ihangiro, katika wilaya tunayoiita leo Muleba.

Miaka kumi Rubya

Kitereza alikaa Rubya miaka kumi. Alisoma Kilatini, Kigiriki na Kijerumani, akaendelea hadi falsafa na teolojia. Kwa kijana wa Kikerewe, Ihangiro haikuwa ugenini kabisa. Kikerewe na Kihaya ni lugha ndugu. Pande zote mbili watu walimwita mtawala wao omukama, na pande zote mbili pombe ya ndizi ilikuwa sehemu ya heshima ya mwenye nyumba. Lakini masomo yenyewe yalikuwa ya mbali sana, yaani vitabu vya Warumi na Wagiriki, na mafundisho ya Kanisa kwa lugha ya Kilatini.

Miaka hiyo haikuwa tulivu. Vita Kuu ya Kwanza ilifika kwetu, na mwezi Juni 1915 Waingereza waliushambulia mji wa Bukoba. Mwaka uliofuata utawala wa Wajerumani uliondoka Bukoba. Kijerumani ambacho waseminari walikuwa wamekisoma kwa taabu kikawa lugha ya serikali isiyokuwapo tena.

Mwaka 1919 Kitereza aliondoka seminari na kurudi Ukerewe. Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa kuwa katika parokia zetu bado kuna watu wanaomtazama kijana aliyetoka seminari kama mtu aliyeshindwa. Wengine humnong'ona, wengine humwonea haya mama yake. Maisha ya Kitereza yanajibu vizuri. Alichokipata Rubya hakikupotea hata kidogo. Nidhamu ya kukaa mezani, uwezo wa kulinganisha lugha na lugha, heshima kwa maandishi ya watu wa kale, vyote hivyo alirudi navyo Kagunguli, na vyote vikazaa.

Ndoa na Anna Katura

Mwaka huohuo wa 1919 alifunga ndoa na Anna Katura. Alifanya kazi misheni, kisha kwa miaka kadhaa akaajiriwa na mfanyabiashara Mwitaliano huko Mwanza. Vita Kuu ya Pili ilipoanza akarudi Kagunguli, akaendelea kuwasaidia mapadre kwa kufundisha na kwa kazi za lugha.

Ndoa yake ilikuwa na msalaba wake. Aniceti na Anna walizeeka bila mtoto wa kuwatunza. Tunajua maana ya jambo hilo katika nchi zetu za ziwa. Mwanamume asiye na mtoto huambiwa aongeze mke. Mwanamke asiye na mtoto hupewa majina. Ndugu huja na ushauri usioombwa. Aniceti hakumwacha Anna wala hakuongeza mke mwingine. Waliishi pamoja hadi uzeeni.

Anayejua habari hii hawezi kukisoma kitabu chake kama anavyosoma hadithi yoyote.

Kitabu chenyewe

Kitereza alikuwa na wasiwasi kwamba vijana wa Ukerewe watasahau namna babu zao walivyoishi. Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada aliyependa sana mila na lugha ya Wakerewe, alimtia moyo aandike. Akaandika kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani kwake, na akamaliza mwezi Februari 1945.

Riwaya inasimulia habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, katika Ukerewe ya kabla ya Wazungu kuja. Wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga Bugonoka mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere hatulii. Anakwenda kwa wakwe kumwomba mkewe arudi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anahangaika kuipata, analipa, na mke anarudi. Baadaye mganga Kibuguma anawatibu, na hatimaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali. Sehemu ya pili ya kitabu inawafuata watoto hao.

Njiani msomaji anaonyeshwa kila kitu: kulima, kuvua, kuwinda, kukamua ndizi, kupokea mgeni, kuuguza, kuzaa, kulia msiba. Kitereza hana haraka. Salamu inasalimiwa mpaka mwisho.

Msomaji wa Kihaya atafurahia hasa majina. Jina Myombekere linatokana na kujenga, kama sisi tunavyosema okwombeka. Ni mwenye mji, aliyejenga. Bugonoka ni msiba unaokuja ghafla. Ntulanalwo ni mtu anayesema kwamba anaishi nacho siku zote, na kinachosemwa hapo ni kifo, kama ilivyo katika mengi ya majina yetu yanayoanza kwa Ru au Rw. Bulihwali ni swali: huzuni hii itakwisha lini? Anayejua okuhwa analisikia swali hilo bila kufasiriwa. Kwa hiyo hata watoto wa furaha wanabeba majina ya machozi ya wazazi wao.

Miaka 35 ya kusubiri

Kitabu kilipokwisha, hakuna aliyetaka kukichapa. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, na wachapishaji waliogopa hasara. Padre Simard alifariki kabla ya kuona kitabu kimechapwa. Mswada ukakaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte. Walimkuta mzee Kitereza na mswada wake, wakatambua kwamba ni hazina. Walimshauri autafsiri kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili kingeweza kupata mchapishaji. Mzee alikuwa amepita miaka 70 na maradhi ya viungo yalimtesa. Hata hivyo alikaa chini akaanza upya, ukurasa kwa ukurasa, mamia ya kurasa, akakihamisha kitabu chake mwenyewe kutoka lugha ya mama kwenda lugha ya taifa.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kikiwa na mwaka 1980 juu yake, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwezi Aprili 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Tangu alipoweka nukta ya mwisho ya Kikerewe ilikuwa imepita miaka 35, na mwandishi hakukiona kitabu chake.

Kila msomaji na Myombekere wake

Baada ya kifo chake kitabu kilianza safari. Profesa Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani kwa sehemu mbili, ya kwanza mwaka 1991 na ya pili 1993. Mwaka 1996 sehemu ya kwanza ikatoka kwa Kifaransa. Huko Ulaya majina ya mume na mke yaliondolewa kwenye jalada. Sehemu ya kwanza ilipewa jina la watoto wa waleta mvua, na ya pili la muuaji wa nyoka. Mvua na nyoka huvuta wanunuzi wa mbali. Lakini Kitereza alikuwa ameweka mlangoni mwa kitabu mume, mke na watoto wao, yaani familia.

Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mzaliwa wa Ukerewe aliyekuwa akifundisha Marekani, alitoa tafsiri ya Kiingereza kwa kampuni ya Mkuki na Nyota. Yeye alirudi kwenye Kikerewe chenyewe, na majina yote manne yakarudi kwenye jalada.

Wanahistoria wamekisoma kama ghala la habari za zamani. Wataalamu wa fasihi wamebishana kama ni riwaya au ni maelezo ya mila yaliyovikwa hadithi. Sisi waamini tuna swali letu pia. Inakuwaje mtu aliyesoma teolojia, aliyewasaidia mapadre kwa kufundisha, aandike kitabu kizima chenye waganga, tambiko na mizimu bila kuhubiri na bila kukemea?

Jibu linaonekana katika namna anavyowatazama watu wake. Aliwaona wahenga wake ambao hawakuwahi kuisikia Injili, na katika maisha yao akaona uaminifu, ukarimu, uvumilivu na msamaha. Aliyaandika kama alivyoyajua. Miaka ishirini baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba mbegu za Neno zimo katika mila za mataifa, na leo waseminari wanasoma somo la utamadunisho. Kitereza alikuwa amekwisha fanya kazi hiyo kwa kalamu, Kagunguli, bila kuipa jina.

Kinachotuhusu leo

Kati ya njia zote za kukisoma kitabu hiki, ipo moja inayogusa parokia zetu moja kwa moja. Katika jumuiya zetu ndogondogo kuna wanandoa wanaosali rozari pamoja nasi kila wiki huku mioyo yao ikivuja damu kwa kukosa mtoto. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, inasema wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Hati ya Gaudium et Spes, namba 50, inafundisha kwamba ndoa inabaki na thamani yake hata pale watoto wanapokosekana. Mafundisho yapo. Lakini mama mkwe na mashangazi hawajazisoma hati hizo, na pengine wanaume wengi hawajapata moyo wa Myombekere, wa kuvuka kijiji mchana kweupe, kuinama mbele ya wakwe, na kulipa kwa ajili ya makosa ya midomo ya ndugu zao.

Ipo tofauti moja ambayo msomaji asiipite. Myombekere na Bugonoka walipewa Ntulanalwo na Bulihwali. Aniceti na Anna hawakuachiwa mtoto. Mwandishi aliwapa watu wa kitabu chake furaha ambayo yeye mwenyewe hakuipata, na hakuwaonea wivu. Tena aliweka upendo wa Myombekere mwanzoni, kabla ya dawa na kabla ya mimba. Myombekere alimrudisha mkewe akiwa bado hana mtoto, wala hana ahadi kwamba atampata.

Kwa mseminari anayesoma leo Rubya au Ntungamo, Kitereza ni kaka mkubwa aliyetangulia njia ileile na akaitikia wito wake mahali pengine. Kwa wanandoa wa Kibeta, Kamachumu au Muleba mjini, ni shahidi wa agano lililotunzwa bila kupigiwa makofi. Kitabu chake hakikuandikwa kwa ajili ya wataalamu. Aliwaandikia watu wa nyumbani, hasa vijana, na nakala ya Kiswahili ikipatikana, inafaa isomwe nyumbani kwa sauti, mume na mke wakiwa wameketi pamoja.