Sergei Korolev, Mpima Hatari

Wengi wetu tunamjua Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza kufika angani, lakini ukiuliza aliyemuundia chombo ni nani, darasa zima kimya. Mimi nimevutiwa na fundi huyo, Sergei Korolev.

Alizaliwa mwaka wa 1907 huko Zhytomyr, Ukraine. Mwaka wa 1938 alikamatwa kwa makosa ya kusingiziwa, akapelekwa kuchimba dhahabu Kolyma kwenye baridi kali. Aliponea chupuchupu. Baadaye akawa mkuu wa mafundi wa roketi wa Muungano wa Kisovieti, jina lake likifichwa. Tarehe 4 Oktoba 1957, roketi yake ilipeleka angani setilaiti ya kwanza, Sputnik.

Kumpeleka mtu sasa, hiyo ilikuwa kazi nyingine. Hatari zilikuwa tele, na chombo hakingeweza kubeba kinga ya kila moja kwa sababu ya uzito. Ikabidi wachague. Ni hatari gani ikitokea haina nafasi ya pili? Chumba cha Gagarin kikafanywa duara kama mpira, kizito upande mmoja, ili wakati wa kurudi kijigeuze chenyewe hata mitambo ikiharibika. Injini ya kupunguza kasi ilikuwa moja tu. Basi wakapanga kipite chini kiasi kwamba injini ikikataa, chombo kitashuka chenyewe, na ndani wakaweka chakula na hewa ya siku 10. Machi 1961 wakajaribu mara mbili kwa mbwa na sanamu ya mtu. Safari zote mbili zikafaulu.

Tarehe 12 Aprili 1961 Gagarin akaruka. Kumbe roketi ilimpandisha juu kuliko ilivyopangwa! Ile akiba ya siku 10 isingetosha. Bahati nzuri injini iliwaka. Kisha sehemu ya nyuma ikakataa kuachana na chumba, vyote vikazunguka kama pia. Nyaya zilipoungua, lile duara likajigeuza vile lilivyokusudiwa, naye akafika salama.

Lakini nisimsifu tu. Mwaka wa 1964, katika mbio za kuwatangulia Wamarekani, Korolev alirusha watu 3 katika chumba kilichobuniwa kwa mmoja, bila mavazi ya anga wala viti vya kujiokolea. Walirudi wazima, lakini kwangu mimi huko si kupima hatari. Hatari ilikuwepo, haikutokea tu.

Alifariki akifanyiwa upasuaji tarehe 14 Januari 1966, ndipo dunia ikalijua jina lake.

Wenzangu, mambo yakituzidi tuanze na lile ambalo likiharibika halina marekebisho. Tena tusijisifu kwa bahati. Majuto ni mjukuu.