Marie Curie na mionzi inayotibu kutoka ndani

Msomaji wangu wa Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju, huenda unamfahamu mama anayetibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Amemaliza mionzi ya nje, sasa anaambiwa bado mionzi ya ndani, naye anaogopa. Kabla hajakata tamaa, msimulie habari za Marie Curie.

Alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1867, wakati wanawake hawakuruhusiwa kusoma chuo kikuu mjini humo. Alifundisha watoto majumbani mwa watu ili kumsomesha dada yake udaktari Paris, kisha mwaka 1891 naye akaenda huko kusoma. Mwaka 1895 aliolewa na mwanafizikia Pierre Curie. Mwaka 1898 wawili hao walitangaza kugundua poloniamu na radiamu. Marie alichemsha na kuchuja mawe ya madini kwa miaka, ndani ya banda linalovuja, hadi mwaka 1902 alipopata sehemu ya kumi tu ya gramu ya chumvi ya radiamu.

Pierre alijifunga radiamu mkononi, ikamuunguza. Madaktari wakaona kuwa kinachounguza nyama nzima kinaweza kuua uvimbe pia. Wakaanza kuiweka juu ya ngozi, baadaye wakaitia katika vijibomba na kuviingiza hadi kwenye mlango wa kizazi. Hapo ndipo ilipoanzia tiba ya mionzi ya ndani.

Marie alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903, na tena mwaka 1911, akiwa mjane: Pierre aligongwa na mkokoteni wa farasi mwaka 1906. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu, unaoaminika ulitokana na mionzi aliyoishika miaka mingi bila kinga.

Leo hali ni tofauti. Radiamu imeachwa, hutumika iridiamu au kobalti. Mashine hupeleka chembe ndogo ya mionzi hadi penye uvimbe, ikakaa kwa dakika chache, kisha ikairudisha kwenye kasha lake. Mgonjwa habaki na mionzi mwilini. Akirudi nyumbani anaweza kumpakata mwanawe bila wasiwasi.

Kwa nini asiishie mionzi ya nje? Kwa sababu dozi ya kumaliza uvimbe, ikipitishwa nje yote, ingeumiza kibofu na utumbo. Ya ndani hukaa karibu na uvimbe, na nguvu yake hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali. Anayeikatisha ameacha tiba nusu.

Nawe mama, ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Usisubiri maumivu. Ukiwa mzima, kapime mlango wa kizazi, na binti yako apate chanjo ya HPV.