Mjue Karl Landsteiner, Msee Aliyejua Mbona Damu Ya Beste Yako Inaweza Kukumaliza

Kama ushawahi kuambiwa wewe ni O ama A, hiyo stori yote inaanzia kwa jamaa mmoja, Karl Landsteiner. Alizaliwa 14 Juni 1868 huko Baden, karibu na Vienna, Austria. Buda yake alidedi Karl akiwa na miaka 6, akalelewa na mathee. Alimaliza udaktari 1891, lakini rada yake ilikuwa maabara, si wadi.

Sasa cheki, enzi hizo kuongezewa damu ilikuwa kamari. Huyu anapona, yule anakufa hapo hapo, na madaktari hawajui mbona. Landsteiner alichukua damu yake na ya wasee wa kazini, akatenganisha chembe nyekundu na majimaji, akaanza kuchanganya za huyu na ya yule. Zingine zilikaa poa. Zingine zikashikana mabonge mabonge! Akaitoa hiyo kazi 1901.

Iko hivi: chembe zako zina alama juu, zinaitwa antijeni, A ama B. Majimaji nayo yana kingamwili, wachukulie kama mabaunsa wa kusaka alama ambayo wewe huna. Ukiwa A, mabaunsa wako wanasaka B. Ukiwekewa damu ya B wanaivamia, chembe zinapasuka, figo zinaweza kugoma, na hiyo ni ngori. O haina A wala B, ndio maana chembe zake hupita kwa wengi. Lakini yeye mwenyewe hupokea O pekee, juu ana mabaunsa wa pande zote. AB, ambayo wenzake waliipata 1902, hana baunsa wa A wala wa B. Huyo ameomoka.

Ungedhani dunia ilimshangilia. Wapi! Hadi 1907 ndio Reuben Ottenberg wa New York alianza kupima damu kabla ya kuongeza. Baada ya Vita vya Kwanza Vienna ilisota, Landsteiner akahamia Uholanzi, halafu Marekani. Nobel ilimfikia 1930, manze, karibu miaka 30 baadaye.

Na hakutulia. 1940, mzee tayari, yeye na Alexander Wiener wakatangaza Rh, ile chanya ama hasi huandikwa kando ya grupu yako. Mama akiwa hasi na mtoto chanya, mabaunsa wa mama wanaweza kuvuka hadi kwa mtoto, na watoto wengi waliangamia hivyo kabla sindano ya kuwazuia kupatikana.

Juni 1943 moyo ulimkamata akiwa maabara, akadedi siku mbili baadaye, miaka 75. Siku aliyozaliwa, 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani.