ABDUR-RAHMAN AS-SUFI: MWANACHUONI ALIYEANDIKA HABARI ZA WINGU DOGO LA MBINGUNI

Katika ukurasa wetu wa maisha ya wanavyuoni, safari hii tunakuletea mtu ambaye hakusifika kwa vita wala kwa mali. Alisifika kwa kutazama juu usiku na kuandika kwa uaminifu alichokiona.

Kuzaliwa na maisha yake

Jina lake ni Abul-Husayn Abdur-Rahman bin Umar as-Sufi. Alizaliwa tarehe 14 Muharram mwaka 291 Hijria (903 Miladia) katika mji wa Rayy, Uajemi, karibu na palipo Tehran ya leo. Alijishughulisha na elimu ya falaki, yaani elimu ya nyota na mwendo wake, na sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi Isfahan na Shiraz.

Mwaka 335 Hijria alifuatana na waziri Ibn al-Amid mpaka mji wa Dinawar, akaifikia nyumba aliyokuwa akiishi Abu Hanifa ad-Dinawari. Huyu si Imamu Abu Hanifa wa fiq-hi, bali ni mwanachuoni mwingine aliyeandika juu ya nyota kabla yake. As-Sufi alimheshimu, lakini heshima hiyo haikumzuia kuyapima maneno yake.

Mtawala Adud ad-Dawla alimweka karibu naye na kujifunza kwake habari za nyota. Mtawala huyo alikuwa akijifaharisha kwa walimu wake, na katika elimu ya nyota aliyemtaja ni as-Sufi. As-Sufi aliandika pia juu ya usturlabu, chombo cha kupimia nyota kilichowasaidia watu kujua saa, nyakati za sala na upande wa kibla. Alifariki Shiraz tarehe 13 Muharram 376 Hijria (986 Miladia), akiwa na umri wa karibu miaka 85 ya Hijria.

Kitabu chake

Kitabu kilichomfanya ajulikane kinaitwa Suwar al-Kawakib, yaani Picha za Nyota, na kinanasibishwa na mwaka 964 Miladia. Wakati ule wanafalaki walikitegemea kitabu cha Batlamyus, Mgiriki wa Misri, kilichoandikwa miaka 800 hivi kabla yake. Wengi walikinakili tu. Walikuwapo hata mafundi waliochonga tufe za nyota bila ya kuzijua nyota zenyewe kwa macho. As-Sufi aliwalaumu watu wa namna hiyo.

Yeye alikichukua kitabu hicho, akatoka nje usiku na kuzitazama nyota za makundi yote 48, moja baada ya moja. Alipoona kuwa mng'aro wa nyota si kama ulivyoandikwa, aliandika alivyouona yeye. Hakusema kuwa Batlamyus ni mwongo, wala hakunyamaza ili asionekane mkosa adabu. Na pale alipochukua hesabu za Batlamyus za mahali pa nyota, akaongeza tu kiasi cha zilivyosogea tangu zama zile, alieleza wazi kuwa ndivyo alivyofanya.

Kila kundi alilichora mara mbili: mara moja kama linavyoonekana mbinguni, na mara ya pili kama linavyoonekana juu ya tufe. Ukiandika neno juu ya kioo kisha ukalisoma kwa upande wa pili, utaliona limegeuka. Nyota nazo ni hivyo hivyo, kwa kuwa tufe tunalitazama kutoka nje. Alichora picha mbili ili msomaji asidanganyike na mchoro.

Wingu dogo

Karibu na nyota za kundi la Andromeda, as-Sufi aliona kitu kisichofanana na nyota. Kilikuwa kama doa la ukungu. Alikiita wingu dogo, akakitia katika mchoro kwa nukta, mbele ya mdomo wa samaki mkubwa ambaye Waarabu walimfikiria mahali pale. Hayo ndiyo maandishi ya zamani kabisa tunayoyajua juu ya kitu hicho. Hakuwa na darubini, kwani darubini ilikuja miaka 600 na zaidi baadaye. Hakujua ni kitu gani, wala hakubuni jambo la kukielezea. Alikiweka mahali pake kama alivyokiona.

Kamera ilipokuja

Mwaka 1880, Henry Draper, daktari wa Marekani, alipiga picha ya kwanza ya nebula, yaani wingu la mbinguni, katika kundi la Orion. Aliiacha kamera wazi kwa dakika 51. Mwaka 1888, Isaac Roberts, mjenzi wa Uingereza aliyeipenda falaki, alipiga picha ya lile wingu la as-Sufi. Picha yake ilionyesha kuwa wingu lina mikono inayojizungusha. Wengi bado walidhani kuwa limo ndani ya kundi letu la nyota. Mwaka 1923 Edwin Hubble, kwa picha alizopiga Marekani, alipata ndani yake nyota iliyomwezesha kupima umbali. Ikabainika kuwa si wingu, bali ni galaksi nyingine kabisa, na leo umbali wake unakadiriwa kuwa miaka ya nuru milioni 2.5. Subhanallah!

Siku hizi hata mtu asiye mwanafalaki wa kazi anaweza kuipiga picha. Huifunga kamera kwenye mtambo unaogeuka polepole kufuata mwendo wa mbingu, akapiga picha nyingi. Kisha huifunika lenzi na kupiga picha za giza, ili ajue ni madoa gani yanatokana na kamera yenyewe, ayaondoe. Mwisho kompyuta huzipanga zote juu ya moja, chengachenga zikapungua, na mwanga hafifu ukajitokeza. Hapo ndipo penye mtihani. Kompyuta hiyo hiyo inaweza kuongeza rangi na nyota zisizokuwapo, na watu wakaisifu picha. Mwenye amana hudhihirisha kilichomo tu, na akizidisha rangi huwaambia watu.

Mafunzo tunayoyapata

Kwanza, kumheshimu mwalimu hakuzuii kuhakikisha. Pili, usilolijua liandike kama ulivyoliona, wala usilizibe kwa uongo. Huenda atakuja mwingine baada yako akalifahamu. Tatu, mwenye kuchora au kupiga picha amebeba amana ya macho ya wenzake.

Mwanzoni mwa Desemba, kiasi cha saa mbili usiku baada ya Isha, toka na mzazi wako mahali pasipo na taa. Ikiwa hakuna mawingu, tazama upande wa kaskazini, katikati ya upeo na utosi. Ukiliona doa hafifu la ukungu lisilometameta kama nyota, basi huenda umeliona aliloliona as-Sufi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.