Tingatinga: Mchoraji aliyewafundisha ndugu zake

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Hakusomea uchoraji popote. Mnamo 1968, jijini Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya baiskeli na kuwauzia wageni wa Oysterbay. Wateja walipoongezeka, aliwafundisha jamaa zake ambao hawakuwa wachoraji, miongoni mwao January Linda na Ajaba Abdallah.

Mwaka wa 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki. Darasa lake halikufa. Simon Mpata aliufikisha mtindo huo Kenya, na mwaka wa 1990 wachoraji wa Dar es Salaam waliunda ushirika unaobeba jina la mwalimu wao.