Alessandro Serenelli: Msamaha Uliomsubiri Gerezani

Kila tarehe 6 Julai, Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Maria Goretti, bikira na shahidi. Waamini wengi wanaifahamu habari ya binti huyo. Walio wachache wanaijua habari ya kijana aliyemuua, ambaye aliishi karibu miaka 68 baada ya kosa lake.

Alessandro Serenelli alizaliwa nchini Italia mwaka 1882, akakua bila malezi ya mama. Yeye na baba yake, Giovanni, walikuwa wakulima maskini walioishi nyumba moja na familia ya Goretti huko Le Ferriere, karibu na Nettuno, katika nyanda za mabwawa kusini mwa Roma. Malaria ilimwua Luigi Goretti mwaka 1900, naye mjane wake, Assunta, akalazimika kushinda shambani ili kuwalisha watoto. Maria alibaki na kazi za nyumbani, akiwahudumia pia akina Serenelli.

Mchana wa tarehe 5 Julai 1902, watu wazima wakiwa uani wakipura maharage, Maria aliketi akishona shati la Alessandro lililochanika. Kijana huyo wa miaka 20 alimvuta ndani kwa nia mbaya. Maria alikataa, akimwonya kwamba ni dhambi mbele ya Mungu. Kwa hasira Alessandro alimchoma mara 14 kwa chombo chenye ncha kali. Maria alifariki kesho yake hospitalini Nettuno, akiwa bado hajatimiza miaka 12. Kabla ya kukata roho alimsamehe muuaji wake na kutamani awe pamoja naye mbinguni.

Basi msamaha ulitolewa siku moja tu baada ya kosa. Aliyesamehewa ndiye aliyekawia kuupokea.

Kwa kuwa alihesabiwa bado si mtu mzima kisheria, Alessandro alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Miaka ya mwanzo gerezani alikuwa na moyo mgumu, asionyeshe majuto yoyote. Ndipo usiku mmoja, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Maria ndotoni akiwa bustanini, akichuma maua meupe ya yungiyungi na kumkabidhi, nayo yakawaka kama miali ya moto mikononi mwake. Askofu Giovanni Blandini wa Noto, huko Sicilia, alimtembelea gerezani. Alessandro alimwandikia Askofu huyo akikiri ubaya wa tendo lake na kuomba asaidiwe kwa sala. Tangu hapo mwenendo wake ulibadilika, naye akaachiliwa mwaka 1929, baada ya miaka 27, mitatu kabla ya kifungo kwisha.

Lakini mlango wa gereza kufunguka ni jambo moja, na mlango wa nyumba za watu ni jambo lingine. Alessandro aliishi kwa vibarua vya mashambani, jina lake likimtangulia kila alikokwenda. Deni moja lilimlemea zaidi. Akafunga safari hadi Corinaldo, ambako mama Assunta alikuwa akitumikia katika nyumba ya Paroko, akamwomba msamaha. Mama yule alimjibu kwamba, ikiwa Maria alimsamehe na Mungu amemsamehe, yeye hawezi kumnyima. Wakati wa Noeli waliingia kanisani pamoja, wakapokea Ekaristi Takatifu bega kwa bega, mbele ya waamini wa parokia hiyo.

Alessandro alitoa ushuhuda katika mchakato wa kumtangaza Maria mwenye heri, heshima iliyotolewa mwaka 1947. Tarehe 24 Juni 1950, Baba Mtakatifu Pio XII alimtangaza Mtakatifu, mama yake mzazi akishuhudia. Naye Alessandro alipokelewa na Ndugu Wakapuchini, akaishi kati yao kwa sala na kazi ya bustani. Katika wosia alioandika mwaka 1961 aliwaasa vijana wajihadhari na machapisho machafu na mifano mibaya, vitu vilivyompoteza ujanani, akaishuhudia dini kuwa ndiyo faraja pekee ya hakika. Alifariki huko Macerata tarehe 6 Mei 1970, akiwa na umri wa miaka 87.

Wapendwa waamini, toba ya Alessandro haikufuta kosa lake, wala msamaha wa Assunta haukumrudisha bintiye. Alitumikia adhabu yake, na uchungu wa mama ulibaki uchungu. Hata hivyo, palihitajika Askofu wa kuingia gerezani, mama wa kufungua mlango, parokia iliyokubali kumwona akipiga magoti, na watawa waliomkabidhi jembe. Katika jumuiya zetu ndogondogo wapo wanaorudi kutoka gerezani, na zipo familia zinazobeba majeraha waliyoyasababisha. Tuwasindikize wote wawili kwa uvumilivu, bila kumharakisha aliyejeruhiwa wala kumfungia mlango aliyetubu.

Mtakatifu Maria Goretti, utuombee.